Umefika 30? Punguza Chupa kwa Meza: Jinsi ya Kutunza Ngozi Kirahisi Ukiwa Kakamega

Kama uko na miaka 30 kuenda juu, hebu angalia hapo kwa meza ya keja yako, karibu na kioo. Kuna tona, kuna seramu, kuna skrabu, kuna losheni ya mchana na ya usiku, kuna mafuta ya karoti uliuziwa kwa WhatsApp, na kuna ile kopo haina hata jina. Zote umelipa na doo yako. Na bado uso unakauka, unawasha ukioga, na yale madoa ya mashavu yamekataa kutoka.

Rada ni hii: ngozi ikianza kuzeeka haitaki vitu vingi. Inataka vichache, kila siku, bila kuchoka. Vyenyewe ni vitatu: kuosha bila fujo, mafuta, na kujikinga na jua. Kitu kingine chochote kwa hiyo meza lazima kijieleze kinafanya nini hapo. Na ukisoma hadi kwa sehemu ya madoa, utaona hii si stori ya kuokoa chapaa peke yake. Kuna kopo zingine hapo sokoni zinaweza kukumaliza figo.

Nini hubadilika ukizidi kukula chumvi

Ukiwa na miaka 19, ngozi ya juu hujibadilisha kama kila mwezi hivi. Zile seli zimekufa hubanduka, mpya zinatokea chini. Miaka ikienda, hiyo kazi huenda polepole. Ndio maana kovu la chunusi ambalo lingeisha kwa wiki chache ukiwa shule, saa hii linakaa miezi.

Pili, mafuta ya asili yanapungua. Kwa wamama hushuka sana wakifika umri wa hedhi kukatika, ju homoni ya estrojeni inashuka, na kolajeni, ile inashikilia ngozi isilegee, inaenda nayo. Kwa wanaume mafuta huendelea kutoka miaka mingi zaidi, ndio unaona mzae wa miaka 55 bado paji la uso linang'aa na bibi yake analalamika amekauka miguu.

Tatu, ukuta wa ngozi unakuwa mwembamba na mwepesi kukasirika. Sabuni ulikuwa unatumia tangu kitambo inaanza kukuchoma. Ile skrabu ulikuwa unasugua kila siku inaacha uso na vidonda vidogo. Wengi wakiona hivyo wanaongeza kitu kingine juu. Hapo ndio shida huanza: ngozi inasema imechoka, wewe unaiongezea kazi.

Habari njema ni kwamba ngozi nyeusi huchelewa kupata mikunjo kuliko nyeupe, ju melanini inasaidia kuzuia miale ya jua. Habari mbaya ni kwamba melanini hiyohiyo ni kali. Ukiigusa vibaya, iwe ni chunusi, kuungua, kukwaruzwa au krimu kali, inajibu kwa kuacha doa jeusi. Kwetu sisi umri huonekana kwa madoa mapema kuliko kwa mikunjo.

Jua la Kakamega linadanganya

Watu husema jua kali ni la Mombasa ama Lodwar. Sasa sikiza. Ikweta inapita Maseno, hapo tu ukienda Kisumu. Kakamega iko kama kilomita 30 kaskazini mwa huo mstari, na iko juu kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linasema kila ukipanda mita 1,000, miale ya UV inaongezeka kama asilimia 10. Kwa hivyo unasikia baridi ya msitu, lakini miale inakupiga vizuri sana.

Mawingu nayo? Tunajua hapa kwetu mvua ya alasiri ni kama jirani, inakuja bila kubisha. Lakini mawingu mepesi yanaweza kuruhusu hadi asilimia 80 ya UV kupita. Kioo cha dirisha la gari kinazuia sehemu ya miale, ile ya kuunguza, lakini ile ya kuzeesha ngozi na kuleta madoa inapita. Dere wa mathree anayekaa dirishani kila siku anajua ni upande gani wa uso umekuwa mweusi zaidi.

Ukiwa boda, mama mboga, mwalimu wa zamu ama uko shambani unapalilia miwa upande wa Mumias, hii sehemu ni yako kuliko ya mtu wa ofisini.

Vitu vitatu pekee

*1. Kuosha bila fujo.* Uso uoshe mara mbili kwa siku, na asubuhi maji peke yake yanatosha kama haukutoka jasho. Sabuni nyingi za kipande, hasa zile za kufulia, ni kali kwa ngozi. Ngozi iko na asidi kidogo, sabuni hizo ziko upande ule mwingine kabisa. Ndio maana ukimaliza unasikia uso umevutwa kama ngoma. Hiyo siyo usafi, ni mafuta yako yote yameondoka. Tafuta sabuni nyororo ya uso, isiyo na harufu kali.

Kwa mwili, sabuni iende mahali inahitajika: kwapa, kinena, miguu, na mahali pana matope. Mikono na mgongo kila siku si lazima povu. Maji yawe vuguvugu. Yale ya kutoa moshi kwa karai, najua yanabamba wakati wa baridi ya Julai, lakini yanakausha. Oga haraka, toka.

*2. Mafuta.* Siri haiko kwa bei, iko kwa muda. Paka ukiwa bado na unyevu, dakika chache baada ya kujipangusa. Jeli ya petroli haiongezi maji, inafunga yale yako kwa ngozi yasitoroke. Ukipaka ngozi ikiwa imekauka, umefunga ukavu ndani.

Na hapa sitakuambia uende mbali. Ile jeli ya kawaida ya duka, pamoja na Arimis, ambayo ni jeli ya kukamulia ng'ombe lakini nusu ya Kenya imekulia nayo, inafanya kazi vizuri kwa mikono, miguu na visigino. Kopo ndogo mara nyingi haifiki soo mbili. Gliserini nayo inavuta maji, lakini usiipake kavu hivyo ikiwa nzito. Tia matone machache kwa kiganja chenye maji. Kwa uso, kama wewe hupata chunusi, chukua losheni nyepesi badala ya jeli.

*3. Kinga ya jua.* Hii ndio inafanya kazi kubwa kuliko seramu zote, na ndiyo watu wanaruka. Sanskrini iwe SPF 30 ama zaidi, na lebo iseme inazuia aina zote mbili za miale, UVA na UVB. Kipimo cha uso na shingo: chora mstari kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia mwanzo hadi ncha. Paka kama dakika 15 kabla ya kutoka, na kama uko nje, rudia kila masaa mawili.

Najua utasema sanskrini ni ghali, na nyingi zinaacha uso kama umepakwa unga wa ugali. Zote mbili ni kweli. Zile zenye rangi ya ngozi haziachi weupe, na pia zina oksidi ya chuma ambayo inazuia mwanga wa kawaida, ule nao unachangia madoa kwa ngozi nyeusi. Kama ngiri na kitu haiko mwezi huu, kofia pana, mwavuli na shati ya mikono mirefu ni sanskrini ya kununua mara moja. Na kama kazi inakuruhusu, kaa kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Kama wewe ama mtoto wako ni mtu mwenye ualbino, hii si urembo, ni maisha. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lina mpango wa kutoa sanskrini kwa watu wenye ualbino kupitia hospitali. Jisajili, uliza, usinyamaze.

Siku yako inakaa hivi

Asubuhi: maji ama sabuni nyororo, losheni, sanskrini. Dakika tatu.

Jioni: sabuni nyororo kutoa vumbi na sanskrini, losheni. Visigino na viwiko, jeli. Dakika tatu.

Imeisha. Usiruke jioni ati umechoka, ju ngozi hupenda mazoea kuliko mbwembwe.

Toa hizi kwa meza

Skrabu ya punje kubwa na ile ya sukari. Kwa ngozi ya miaka 40 ni kama kusugua sufuria ya nyuki na waya. Kinyozi akimaliza kukunyoa akuulize kama unataka skrabu na masaji, chukua masaji, skrabu mwambie siku ingine. Na spirit baada ya kunyolewa isimwagwe uso mzima. Inachoma, inakausha, na kwa mtu wa vipele vya ndevu inazidisha madoa. Muhimu hapo ni mashine iwe imesafishwa.

Ndimu na limau. Maji ya ndimu kwa ngozi kisha uende juani yanaweza kukuunguza malengelenge, na baadaye kuacha alama nyeusi ya miezi. Ndimu peleka kwa samaki.

Kolgeti kwa chunusi, na magadi ya kuoka. Hapana.

Tona ya spirit. Kama ikigusa uso inawasha, haifanyi kazi, inaumiza.

Balmu za kafuri kwa uso. Hapa tuko na yetu ya kujivunia, Naturub, inayotengenezwa na wakulima wa Muliru kando ya msitu wa Kakamega kutoka kwa mmea unaitwa mwonyi. Hicho kikundi kilishinda Tuzo ya Equator mwaka wa 2010, heshima yao. Lakini hiyo ni ya mafua, misuli na kuumwa na wadudu. Usigeuze kuwa mafuta ya uso.

Madoa: hapa ndipo watu huchomwa

Miaka 35 hivi, mama mmoja anaona kivuli cheusi kwa mashavu, mwingine baada ya kuzaa, mwingine baada ya sindano za kupanga uzazi. Msee mwingine ni ya jua la boda. Anaenda kwa duka la vipodozi, anaambiwa "chukua hii, wiki mbili uko sawa." Na kweli, wiki mbili uso unang'aa. Ndio mtego.

Ndani ya krimu nyingi za aina hiyo kuna mojawapo ya vitu hivi vitatu:

Zebaki. Inazuia melanini, lakini inaingia mwilini na kuharibu figo. Inaweza kumfikia pia mtoto anayekumbatiwa kila siku. Kwa lebo hujificha kwa majina kama "mercury," "mercuric" ama "calomel." Mwaka wa 2023, mkutano wa Mkataba wa Minamata kule Geneva uliamua vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025.

Haidrokwinoni. Daktari anaweza kuitumia kwa muda mfupi kama dawa, lakini ukijipakia mwenyewe miaka na miaka, inaweza kugeuka na kuleta weusi wa bluu-kijivu mashavuni ambao ni vigumu sana kutoa. Unapigana na doa, unaletewa babake.

Steroidi kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa za hospitali za magonjwa ya ngozi. Ukipaka usoni kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya andazi, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka. Ukiacha ghafla, uso unawaka moto. Ndio maana watu hurudi kununua tena, wakidhani krimu ndiyo ilikuwa inawasaidia.

Kenya ilishapiga marufuku vipodozi vya kujichubua vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini bado vinauzwa kichinichini. Jichanue hivi kabla ya kulipa: angalia kama kuna orodha ya viungo, jina la aliyetengeneza, tarehe ya kuisha, na alama ya ubora ya KEBS. Kwa bidhaa ya Kenya, chini ya hiyo alama kuna namba ya kibali. Tuma SM# ukifuatisha hiyo namba kwa 20023, utaambiwa kama ni ya kweli. Kama ni krimu ya kuchanganywa kwa ndoo na kupimiwa kwa kopo, ile Wabongo wanaita mkorogo, hakuna cha kuangalia. Rudisha doo kwa mfuko.

Na hii presha ya kuwa yelloyello haikuanza na wewe. Lupita Nyong'o mwenyewe, Februari 2014 kwa hafla ya jarida la Essence, alisimulia venye akiwa mdogo alikuwa anaomba Mungu aamke na ngozi nyepesi. Mwezi uliofuata akachukua Oscar, na mwaka huohuo Lancôme wakamfanya balozi wao, na rangi yake ileile. Kutoa doa ni sawa. Kujitoa wewe mwenyewe ni kitu kingine.

Doa likishaingia, dawa ya kwanza ni kulikinga na jua na kuacha kulichokoza. Bila sanskrini ama kofia, krimu yoyote ya madoa ni kama kukausha nguo kwa mvua. Mengi hufifia polepole, kwa miezi, si kwa wiki mbili.

Ukitaka kitu cha nne

Kama hivyo vitatu vimekaa kwa mazoea miezi miwili na bado una chapaa, ongeza kimoja tu. Niasinamaidi ni mpole, inasaidia madoa na mafuta mengi. Retinoli inasaidia mikunjo na madoa, lakini anza mara mbili kwa wiki, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote. Usitumie retinoli kama una mimba ama unaitafuta. Usianze zote mbili wiki moja, ju uso ukiwasha hutajua mwenye makosa.

Kupunguza bila kuharibu

Kama uso unawaka saa hii, simamisha kila kitu. Baki na maji, sabuni nyororo, losheni isiyo na harufu na kofia, kama wiki mbili. Halafu rudisha kimoja kimoja, kila kimoja ukikipa wiki mbili kabla ya kingine.

Kama hauwaki, toa kimoja kila wiki ukianza na kile kinawasha zaidi. Ukiona hakuna tofauti, basi hukuwa unakihitaji.

Tofauti ni moja: kama umetumia krimu ya steroidi kwa miezi, usijiachishe peke yako. Beba hiyo kopo hadi hospitalini, mwonyeshe daktari, akupunguzie taratibu. Hakuna aibu hapo. Daktari ameona kopo kama hizo nyingi.

Kwa kila umri

Miaka ya ishirini: vitatu vyako, na usichokore chunusi. Sanskrini ya saa hii ndio uso wa miaka 45.

Miaka ya thelathini: madoa yanaanza. Hapa ndipo utauziwa vitu vingi zaidi. Punguza.

Miaka ya arobaini: badilisha losheni iwe nzito kidogo, sabuni iwe nyororo zaidi.

Hamsini kuenda juu: kauka ndio adui. Mafuta mara mbili, maji vuguvugu, sabuni kidogo. Kama unamtunzia kukhu ama senje, mpake miguu na mgongo mahali mkono wake haufiki. Ukavu wa wazee huwasha usiku, wanajikuna, wanapata vidonda. Kopo moja ya jeli inaweza kumrudishia usingizi.

Usipake, nenda hospitali

Bob Marley alikufa tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kilichomuua ni saratani ya ngozi iliyoanza chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa watu weusi saratani ya aina hiyo hupenda kujificha hapo: nyayo, viganja, chini ya kucha. Sasa ukioga, geuza mguu uangalie.

Nenda ukaonwe kama una:

- alama nyeusi kwa nyayo, kiganja ama ukucha, inayokua ama kubadilika;
- kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi;
- doa lisilosikia ukiliguza;
- kuwashwa mwili mzima bila upele, kwa wiki kadhaa;
- kuvimba uso ama miguu na umekuwa ukitumia krimu ya kujichubua.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ama hospitali ya rufaa ya kaunti hapo mjini, uulize uelekezwe kwa mtaalamu wa ngozi. Beba kila kopo unapaka, hata ile haina jina. Hasa ile haina jina.

Kwa hivyo leo jioni kabla ulale, panga meza upya. Sabuni nyororo, losheni, sanskrini ama kofia kwa msumari. Zile zingine weka kwa karatasi, ukae bila kuzitumia mwezi mmoja. Ukisahau zilikuwa huko, umeshapata jibu.